Gari la Umeme Likipanda Marangu: Kasi Inaishia Wapi?

Injini ya petroli isiyo na turbo hufika lango la Marangu, kwenye Mlima Kilimanjaro, ikiwa imeshachoka. Kwenye mwinuko wa mita 1,800 na ushei hewa ni nyepesi, na nguvu ya injini huwa imepungua kwa takriban asilimia 20 ikilinganishwa na pale Tanga, ufukweni. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo haijui kama imepanda. Ndiyo maana kuna wanaojiuliza: kwa nini tusiiongezee umeme ichomoke zaidi?

Inawezekana, kwa kiasi. Chukua Nissan Leaf ya kwanza, iliyotoka mwaka 2010: mota ya kilowati 80, betri ya kilowati-saa 24, uzito wa kilo 1,500 hivi. Ukiilazimisha mota, itavumilia kwa muda mfupi. Betri ndiyo hulemewa mapema. Mkondo ukiongezwa mara mbili, joto linalozalishwa ndani yake huwa mara nne, na betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza. Volteji nayo hushuka palepale unapoihitaji. Kompyuta ya gari ikiona hivyo hubana nguvu. Fundi anayeidanganya ajiandae kununua betri nyingine. Tena kutoka Moshi mjini hadi langoni ni kupanda karibu mita 1,000. Kuliinua tu gari hilo na dereva wake hula zaidi ya kilowati-saa 4, kabla ya kuhesabu upepo na msuguano.

Haya, tuseme umefunga betri kubwa. Bado kuna tairi. Kwenye lami kavu iliyo tambarare, tairi nzuri hushika kwa nguvu inayokaribia uzito wa gari, na hapo kufikia kilomita 100 kwa saa huchukua sekunde 2.8, magurudumu yote manne yakivuta. Leaf huvuta kwa ya mbele pekee. Ukikanyaga, uzito hukimbilia nyuma. Mlimani hukimbilia zaidi, na tairi za mbele huzunguka bure. Wakati wa masika, kwenye njia za udongo mwekundu katikati ya migomba, hata zile kilowati 80 za kiwandani ni nyingi mno.

Kampuni ya Opibus ya Nairobi, ambayo sasa inaitwa Roam, ilibadilisha Land Cruiser za safari kuwa za umeme. Kwenye gari la aina hiyo hatari iko pia kwenye difu na shafti: mota hutoa msokoto wote tangu gari limesimama, kwa hiyo pedali hupangwa iuachie taratibu. Mimi pesa ya mota kubwa ningenunulia tairi.