Motokaa ya Kale na ya Sasa: Ipi Iliyo Imara?

Twayasikia mara nyingi barazani, baada ya sala ya Alasiri, maneno haya: kwamba motokaa za zamani zilikuwa chuma kitupu, na hizi za leo ni makopo. Kwa upande mmoja yana kweli. Motokaa ya kale ikiharibika njiani, fundi mwenye spana mbili na kipande cha waya aliweza kuitengeneza chini ya mwembe. Ya leo yataka kupimwa kwa kompyuta kabla ya kujulikana ina ugonjwa gani. Lakini tukiuliza ni ipi itakayowahifadhi watu wetu siku ya ajali, hapo yatakiwa ushahidi.

Na ushahidi upo. Mwaka 2009, huko Marekani, taasisi ya makampuni ya bima ishughulikayo na usalama wa barabarani ilitimiza miaka 50. Ikachukua Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959, ile ndefu yenye mabawa nyuma, na Chevrolet Malibu ya 2009, ikazigonganisha uso kwa uso, upande wa dereva, kila moja ikienda mwendo wa kilomita 64 kwa saa. Ndani ya kila moja aliketishwa dereva wa sanamu mwenye vyombo vya kupimia.

Ile ya kale, ambayo wazee wetu wangaliichagua, ilikunjika mpaka pale alipoketi dereva, na usukani ukarudi nyuma ukamkabili. Angalikuwa mtu, wapimaji walisema, angalikufa papo hapo. Ya pili pua yake ilisagika, lakini chumba cha abiria kilisimama, na dereva wake angalitoka na jeraha dogo la mguu. Wako waliodai kuwa Bel Air ilitolewa injini. Haikuwa hivyo; injini yake ya silinda sita ilikuwamo.

Sababu yake ni hii. Pua ya motokaa ya sasa imekusudiwa kubonyea, ili ile nguvu ya mgongano iishie hapo isiwafikie waliomo, na chumba chao hujengwa kigumu. Fikira hiyo ni ya Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz, na motokaa iliyojengwa hivyo ilitoka mwaka ule ule wa 1959. Mwaka huo pia Nils Bohlin wa Volvo alileta mkanda upitao begani na kiunoni. Bel Air ile haikuwa na mkanda wala mfuko wa hewa.

Basi kijana asiyefunga mkanda katika motokaa mpya amejirudisha mwenyewe mwaka 1959. Na asitutajie tawakuli, kwani Mtume (s.a.w.) alimwagiza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Tena motokaa mpya ina hila: imetulia, haina kelele, mwendo hausikiki. Ya kale ilitetemeka yote ikakuonya. Na mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya mgongano huzidi mara nne.

Anayetaka kununua iliyokwisha tumika, na auvute kila mkanda kwa ghafula, hata wa nyuma waketipo watoto, aone kama washika. Kisha awashe. Taa ya mfuko wa hewa yapasa kuwaka kidogo na kuzimika. Isipowaka kabisa, huenda imefichwa kasoro. Na aulize mfuko umekwenda wapi kabla ya kutoa fedha.