Panya wa Mamboya na Mvua za Vuli



Wengi wetu tumepata kusikia habari za panya buku wa Morogoro, wale wanaofundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mmoja wao, jina lake Magawa, alipelekwa kufanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na chama kimoja cha Uingereza kwa kazi yake njema. Panya hao hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambacho watu hukiita SUA. Ni chuo cha umma kilichoanzishwa mwaka 1984, kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki mwaka huo huo.

Habari ya panya wa nishani ni tamu. Lakini chuo hicho kina habari ya panya mwingine, mdogo, asiye na sifa, nayo yatuhusu zaidi sisi watu wa jembe. Huyo ni panya shamba.

Ili kumwelewa, twende kwanza Mamboya. Mamboya iko katika wilaya ya Kilosa, chini ya milima ya Ukaguru. Zamani misafara iliyotoka pwani kwenda Mpwapwa ilipita huko, kwa hiyo jina hilo si geni katika visiwa vyetu. Leo wenyeji wake ni wakulima, na chakula chao kikubwa ni mahindi. Mtu hulima, akangoja mvua, akatia mbegu mashimoni. Usiku panya hufuata mstari, shimo kwa shimo, akafukua na kula mbegu. Katika mwaka mbaya mkulima huamka akaona karibu shamba zima halina kitu, na hana budi kupanda tena. Mbegu ya pili yatoka wapi? Aghlabu yatoka katika chakula cha watoto, au katika mkopo. Na mvua haimngoji mtu.

Hasara hiyo si ndogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu walikadiria kuwa panya huharibu kiasi cha mahindi 15 katika kila 100 yanayolimwa Tanzania, nacho ni chakula cha kuwatosha watu zaidi ya milioni 2 kwa mwaka.

Zamani watu walidhani panya hutokea tu, kama nzige. Mwaka huu wapo tele, mwaka ujao hawapo, wala hakuna ajuaye sababu. Wataalamu wa SUA, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji, hawakuridhika na jawabu hilo. Mwaka 1994 walipima uwanja wa hekta 3 huko Morogoro, wakaweka mitego 300 inayokamata panya bila ya kumwua. Kila mwezi, kwa siku 3, walitega, wakawatia alama panya waliowapata, wakawaachia. Wakafanya hivyo mwezi baada ya mwezi, kwa zaidi ya miaka 20. Katika Ukaguru penyewe walifanya uchunguzi Berega, jirani ya Mamboya, penye mashamba yaliyochanganyika na makonde yaliyolazwa. Huko nako, miongoni mwa panya wa aina nyingi, panya shamba ndiye aliyewashinda wote kwa wingi.

Walijifunza nini? Kwanza, uzazi wake. Jike ana chuchu nyingi, hata kufikia 24. Huchukua mimba muda wa wiki 3 na siku chache tu, na huzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja. Hesabu ni rahisi: majike 10 wakizaa mara moja, umepata panya 100.

Pili, na hili ndilo kubwa, uzazi huo hufuata mvua. Mvua zikinyesha, nyasi changa huota, na panya hupata chakula kinachomtia nguvu ya kuzaa. Mwaka wa kawaida huzaa baada ya masika, na wale watoto hungoja masika ya pili ndipo nao wazae. Lakini vuli ikija mapema na kwa wingi, mwezi wa Novemba na Desemba, watoto hao hawangoji tena. Hukomaa upesi na kuanza kuzaa mwezi wa Januari. Kizazi kizima kimeongezeka, na mkulima anapotia mbegu za masika, jeshi tayari liko shambani.

Basi vuli nzuri, ambayo sote huishukuru, ni onyo pia. Mwenye kuangalia mvua za Desemba aweza kujua miezi kadhaa mbele kama panya watakuwa wengi. Elimu hii ilichapishwa mwaka 1996.

Tatu, wataalamu waliona kuwa sumu hutumiwa kwa kuchelewa. Mkulima huitafuta baada ya kuona mashimo matupu, na wakati huo mbegu imekwisha liwa. Tena huitia shambani mwake peke yake. Panya wakiondolewa katika shamba dogo, wengine huingia upesi kutoka mashamba ya jirani na vichakani. Fedha imepotea, na kuku wa nyumbani wamo hatarini.

Zipo njia nyingine. Shamba lililolimwa kwa trekta lilionekana kuwa na panya wachache kuliko lile lililofyekwa na kuchomwa moto. Tena mwaka 2018 SUA ilitoa matokeo ya majaribio ya chambo chenye dawa ya kupunguza uzazi wa panya, mahali pa sumu ya kuua. Lakini dawa yo yote haitamfaa mtu mmoja aliyezungukwa na majirani waliolala. Yafaa kijiji kizima kifanye kazi kwa siku moja, kabla ya kupanda.

Sasa mwanachama atauliza: sisi wa mikarafuu yatuhusu nini? Ni kweli, panya hali karafuu. Lakini nani kati yetu anayekula karafuu? Tunakula muhogo, ndizi, majimbi, mpunga na nazi, na panya wanavijua vyote hivyo. Panya wetu wa paa, apandaye mnazini na kutoboa vidaka, si yule wa Mamboya, na kalenda yake si lazima iwe ile ile. Kwa hiyo hatusemi tuige tarehe za Morogoro. Tuige mwendo wao.

Mwendo wenyewe ni huu. Kila mwanachama aandike siku za mvua za vuli, na siku aliyoona uharibifu wa kwanza, katika konde au mnazini. Majirani wafyeke mipaka na vichaka pamoja. Makumbi na takataka zisirundikwe karibu na nyumba. Kabla ya kununua sumu, mtu amwulize bwana shamba, wala asiiweke mahali wanapofika watoto na kuku. Mzoga wa panya usishikwe kwa mkono mtupu, kwani panya huchukua maradhi.

Madaftari hayo, yakikusanywa miaka michache, yatatuonyesha kalenda ya panya wetu wenyewe. Watu wa Morogoro walihesabu kwa miaka zaidi ya 20. Sisi tuanze na vuli hii ijayo, kila mtu na jirani yake, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.