Kwea Manga asubuhi, alasiri uwaachie radi

WAKENYA wengi wanapotajiwa ukweaji wa milima, fikira zao hukimbilia Mlima Kenya, Longonot au Ngong. Ni wachache wanaoikumbuka safu ya Manga, mwinuko wa mwamba uliosimama kama ukuta juu ya mji wa Kisii, mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira.

Kwa mtembezi asiyependa umati, Manga ni johari. Vivyo hivyo vilima vya Sameta na Nyanchwa upande wa Kisii, na Kiabonyoru, Nkoora na Nyabisimba upande wa Nyamira. Hata hivyo, uzuri huo una masharti yake, na sharti la kwanza ni saa ya kupanda.

Kit Mikayi, kule Kisumu, ni mawe makubwa ya matale yaliyopandana. Mwamba wa Manga ni wa aina nyingine, ambao wanajiolojia huuita kwazaiti. Huo ni mchanga wa kale uliogandamana ukawa mgumu mno. Mvua ya miaka mingi ilipomomonyoa mawe laini yaliyouzunguka, wenyewe ulibaki wima. Ukilowa maji, huteleza.

Anayefika kileleni huona mji wa Kisii chini yake, na mbingu zikiwa safi, macho hufika hadi Ziwa Victoria. Ziwa hilo hilo ndilo asili ya hatari inayomkabili mkweaji.

Jua linapochomoza, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo wenye unyevu huvuma kutoka ziwani kuelekea mashariki. Ukifika kwenye nyanda za juu za Gusii, hulazimika kupanda pamoja na miinuko na kukutana na pepo zinazotoka mashariki. Mvuke hugeuka mawingu mazito, na alasiri huja ngurumo, radi na mara nyingine mvua ya mawe. Usiku mambo hugeuka, dhoruba zikahamia ziwani, jambo ambalo wavuvi wanalijua fika.

Hii ndiyo sababu Kisii ni miongoni mwa maeneo ya Kenya yanayopigwa na radi mara nyingi. Aliye juu ya mwamba mtupu wakati huo huwa ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu naye.

Basi inafaa safari ianze saa 12 au saa 1 asubuhi, na ifikapo saa 6 mchana mtembezi awe ameanza kuteremka. Januari na Julai huwa na mvua chache kuliko miezi ya Aprili na Mei, ingawa huku hakuna mwezi usio na mvua kabisa.

Ngurumo zikikukuta njiani, hesabu sekunde kati ya mmweko na mshindo. Kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Zikipungua 30, ondoka kileleni mara moja. Usijikinge chini ya mkaratusi uliosimama peke yake wala kwenye upenyo wa mwamba. Ingia kwenye nyumba ya kudumu au ndani ya gari, na usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Kundi likikosa mahali pa kujificha, watu waachane kwa hatua kadhaa ili wasipigwe wote kwa pamoja.

Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini, kinyume cha wanavyoamini wengi. Ni salama kumgusa, na kumkanda kifua bila kuchelewa kunaweza kuyaokoa maisha yake.

Sharti la pili ni adabu. Milima ya Gusii haiko nyikani. Migomba, mahindi na majani chai hupanda hadi penye miamba, na vijia vingi hupita katika mashamba ya watu. Mgeni amsalimu mwenyeji kwa "Bwakire", aombe njia, na ikiwezekana amlipe kijana wa pale amwongoze.

Mwenyeji huyo ndiye ajuaye mwamba upi huteleza na wingu lipi ni la kukimbiwa. Akisema, "Leo rudini," mgeni na arudi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mlima utakuwapo kesho.