Nyumba za kisasa Mbinga: soko linafuata msimu wa kahawa

MFANYABIASHARA anayefikisha mabati Mbinga mwezi Februari na mwenzake anayeyafikisha Septemba wanauza bidhaa moja, lakini hawafanyi biashara moja. Wa kwanza hukuta mvua na wateja wasio na fedha. Mzigo hulala ghalani huku riba ya mkopo ikiendelea kuhesabiwa. Wa pili hukuta mkulima aliyeuza kahawa, mwenye kuta zinazosubiri paa, na mvua za mwisho wa mwaka zimekaribia.

Tofauti hiyo ndiyo inayoendesha soko la vifaa vya ujenzi katika wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma. Nyumba ya kisasa inatakiwa sana, milimani kwa Wamatengo na vilevile kandokando ya Ziwa Nyasa. Hata hivyo, ni wachache wanaoinunua nzima. Wengi huinunua kipande kwa kipande, na kila kipande kina mwezi wake. Asiyejua hesabu hiyo anaweza kupoteza mtaji katika soko lenye wateja tele.

Tofali lilitangulia

Nyumba ya asili ya sehemu hizo ilikuwa ya miti, fito na udongo, ikaezekwa kwa nyasi. Vifaa vilipatikana karibu, na gharama kubwa ilikuwa nguvu za ndugu na majirani.

Tofali la kuchoma lilienea kwa njia ya misheni. Wabenediktini walifungua Peramiho mwaka 1898, Kigonsera mwaka 1899 na Litembo mwaka 1914. Majengo yao ya matofali yalikuwa mfano kwa vijiji, na karakana zao zilifunza waashi na maseremala. Ndiyo maana mwekezaji anayefika Mbinga leo hana haja ya kumfundisha mtu kufyatua tofali. Ujuzi huo una zaidi ya karne moja.

Paa lilichukua njia nyingine. Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere aliwalaumu wananchi waliong'ang'ania saruji na bati ilhali udongo wa matofali na vigae ulikuwa chini ya miguu yao. Kwa upande wa tofali, Mbinga ilikubaliana naye. Kwa upande wa vigae, soko lilikataa.

Sababu si kasumba peke yake. Kigae ni kizito na kinahitaji kenchi imara yenye mbao nyingi. Bati ni jepesi, hupigwa kwa siku chache, na likihitajika hung'olewa likahamishiwa nyumba nyingine au likauzwa. Kwa mwenye kipato cha mara moja kwa mwaka, bati ni paa na ni akiba pia.

Boma ni akiba isiyo na riba

Mwendo wa ujenzi unaeleweka ukifuatwa kwa kalenda. Mvua za Ruvuma hukatika kati ya Aprili na Mei. Hapo ndipo matofali hufyatuliwa, hukaushwa na kupangwa kwenye tanuru. Kahawa huchumwa katika miezi hiyo hiyo ya kiangazi, na fedha zake huanza kuingia kadiri mauzo yanavyofanyika. Mvua hurudi Novemba au Desemba. Muda wa mwenye nyumba kuwa na fedha mkononi na anga kavu juu ya kichwa ni miezi michache tu.

Kwa hiyo kiangazi cha kwanza huishia kwenye matofali. Cha pili hujenga msingi na kuta. Cha tatu, kahawa ikilipa, huleta mbao na mabati. Milango, sakafu, lipu na dari hufuata baadaye. Nyumba iliyosimama bila paa huitwa boma, na katika boma ndimo ilimo akiba ya familia.

Akiba hiyo haizai kitu. Mbaya zaidi, mvua huila, hasa kuta zikiwa zimejengwa kwa udongo badala ya saruji kati ya tofali na tofali. Familia iliyokosa fedha za bati kwa misimu miwili inaweza kuanza upya sehemu ya juu ya ukuta.

Kwa mfanyabiashara, maboma ni daftari la oda lililo wazi. Anayezunguka vijijini mwezi Juni na kuyahesabu anapata picha ya mabati yatakayotakiwa Septemba. Kisha ataangalia bei ya kahawa duniani. Baridi kali iliyoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1994 ilipandisha bei mno, na mapema mwaka 2025 arabika ilivuka dola 4 kwa ratili katika soko la New York. Bei ikipanda, kila mwenye boma hutaka bati kwa wakati mmoja. Ikianguka, boma husubiri. Muuza bati wa Mbinga yumo katika biashara ya kahawa hata kama hajawahi kununua gunia moja.

Makaa yaenda, saruji yarudi

Saruji ndiyo inayoumiza. Inaletwa kutoka viwanda vya mbali, kama vile vya Mbeya na Mtwara. Kutoka Mtwara mfuko hupita Masasi, Tunduru na Songea, na ukifika Mbamba Bay umesafiri karibu kilomita 800.

Hesabu ya nauli ni rahisi. Lori la tani 10 hubeba mifuko 200 ya kilo 50. Kila shilingi 100,000 inayoongezeka katika nauli huongeza shilingi 500 kwa kila mfuko, kabla ya faida ya mwenye duka. Ndiyo maana lori linalopata mzigo wa kurudi, kama kahawa au mahindi, huweza kuuza saruji kwa bei ambayo lori linalorudi tupu haliiwezi.

Jambo la kutafakari ni kwamba makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yaliyoanza kuchimbwa mwaka 2011, wateja wake wakubwa wamekuwa viwanda vya saruji. Nishati hutoka Mbinga kwa lori, na saruji hurudi kwa lori. Mnunuzi wa kijijini hubeba nauli za safari zote mbili.

Fundi mzoefu hujibu hali hiyo kwa kuiweka saruji mahali inapolazimika: msingi, linta na sakafu. Ukuta hubaki wa tofali la kuchoma. Lakini tanuru hula kuni nyingi, na kuni zinazidi kusogea mbali. Hapa pana nafasi kwa mwekezaji mdogo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, uliotokana na kitengo cha utafiti cha miaka ya 1970, umekuwa ukihimiza tofali la kufungamana. Hilo hushindiliwa kwa mashine ya mkono kutokana na udongo na saruji kidogo, halichomwi, na hupunguza udongo au saruji ya kuunganishia. Mwenye mashine moja anaweza kuikodisha kijiji hadi kijiji, mradi apime udongo kwanza. Udongo mfinyanzi mtupu hupasuka, na lawama humrudia mwenye mashine.

Mlima si ufukwe

Kosa jingine la gharama ni kupeleka ramani moja pote. Uso wa ziwa uko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, wakati milima ya Umatengo hupanda kuelekea mita 2,000. Mlimani watu hutafuta joto. Ufukweni, Liuli au Mbamba Bay, chumba chenye bati bila dari huwa tanuru mchana.

Kwa hiyo ufukweni kuna soko la dari, matundu ya hewa na wavu wa mbu. Nyumba sita za majaribio zilizojengwa Magoda, mkoani Tanga, katika miaka ya 2010 zilionyesha kwamba kuta zinazopitisha hewa na madirisha yenye wavu hupunguza joto na mbu, hasa vyumba vya kulala vikiwa ghorofani. Baadaye nyumba 110 za aina hiyo zilijengwa katika vijiji 60 vya mkoa wa Mtwara. Si lazima mnunuzi wa Nyasa ajenge ghorofa. Wavu na tundu la hewa vinauzwa peke yake.

Kuna tahadhari mbili zaidi. Ziwa Nyasa hupanda na kushuka. Katika karne ya 20 kiwango chake kilitofautiana kwa zaidi ya mita 5. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo kiwanja cha bei nafuu kando ya maji huenda kikawa ghali kuliko vyote. Pili, ziwa limo ndani ya Bonde la Ufa. Matetemeko ya Desemba 2009 huko Karonga, Malawi, yalipasua na kubomoa nyumba nyingi. Linta ya zege yenye nondo, inayozunguka nyumba nzima, si mahali pa kubana saruji.

Mkopo na matarajio

Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanza katika miaka ya 1970, ilifungwa mwaka 1995, na mikopo ya nyumba iliyokuja baadaye imewafaa zaidi wenye mishahara na hati za mijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilileta hati ya hakimiliki ya kimila, lakini benki nyingi husita kupokea dhamana ambayo si rahisi kumuuzia mtu wa nje ya kijiji. Hivyo nyumba nzuri ya kijijini inaweza kumgharimu mwenyewe miaka mitano ya kahawa na bado isimpatie mkopo.

Barabara imebadilisha upande mmoja wa hesabu. Lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, imeuunganisha ufukwe na Songea. Mkataba wa kujenga bandari mpya ya Mbamba Bay ulisainiwa Desemba 2023. Njia hizo zinaongeza mahitaji ya nyumba za kupanga mjini Mbamba Bay, na wakati huo huo zinaleta washindani.

Mwenye mtaji mdogo basi asikimbilie kujenga nyumba za kuuza. Anayeweka bati ghalani Agosti, akamruhusu mkulima kulipia kidogo kidogo tangu mavuno yanapoanza, na akakabidhi mzigo kabla ya mvua, atauza. Naye mwenye boma atalala ndani ya nyumba yake msimu mmoja mapema.