Je, Wajua? Mfupa Hauisubiri Miaka

Je, wajua kuwa mgonjwa aliyeanzishiwa vidonge vya prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, hupoteza mfupa kwa kasi zaidi katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo? Wengi hudhani ni madhara ya miaka mingi. Hata miligramu 5 kwa siku huongeza hatari ya kuvunjika, na pingili za mgongo ndizo hutangulia. Pingili hubonyea bila mtu kuanguka. Yeye husikia mgongo unauma, hununua dawa ya maumivu na kuendelea na kazi, mpaka anashangaa gauni lake linaburuza chini.

Sababu ni kwamba mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Steroidi huwadhoofisha wajenzi huku wabomoaji wakiendelea na kazi. Utumbo nao hupunguza kufyonza kalsiamu, na figo huimwaga zaidi kwenye mkojo.

Je, wajua kuwa onyo lilitangulia dawa? Mwaka 1932 daktari Harvey Cushing wa Marekani alieleza wagonjwa wenye uso wa mviringo na mgongo uliopinda. Leo tunajua miili yao yenyewe ilitengeneza homoni ya jamii ya steroidi kupita kiasi. Kotisoni, dawa ya jamii hiyo hiyo, ilidungwa kwa mgonjwa wa baridi yabisi kwa mara ya kwanza mwaka 1948, na baada ya siku chache mama huyo aliyeshindwa kutembea alitembea. Steroidi huokoa watu wa pumu na lupasi kila siku, nami singependa yeyote aikimbie. Kuiacha ghafla ni hatari: tezi zilizo juu ya figo huwa zimelala, na mwili unaweza kuzimia. Daktari ndiye huipunguza, polepole.

Mtu mzima anayeitumia kwa muda mrefu huhitaji miligramu 1,000 hadi 1,200 za kalsiamu kwa siku. Glasi ya maziwa ina kama 300. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni hazina. Mchicha, tunaousifu sana, una kalsiamu nyingi, lakini una pia oksaleti inayoifunga isifyonzwe vizuri.

Na jua, linaloupa mwili vitamini D ya kusaidia kufyonza kalsiamu, je? Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania: wastani wa vitamini D ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, kiwango cha juu sana. Ila hao hushinda nje. Anayetoka Mikocheni, Dar es Salaam, alfajiri na kurudi magharibi baada ya kutwa nzima ofisini asijihesabu pamoja nao.

Kwa walio kwenye hatari kubwa, daktari huongeza alendroneti, dawa ya kulinda mfupa, kidonge 1 kwa wiki. Humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha usilale wala usile kwa dakika 30, maana kikikwama kooni huunguza.

Linaloniuma zaidi ni hili: wapo wanaotumia steroidi bila kujua. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi, na mkorogo unaochanganywa mtaani, zina klobetasoli, steroidi kali mno. Ikipakwa mwili mzima kwa miezi, hupenya ngozi na kuingia kwenye damu. Ukienda kliniki na maumivu ya mgongo, beba na tyubu ya krimu. Daktari akisoma clobetasol ubavuni mwake, atajua aanzie wapi.