Mbwa Aliyezaa Aangaliwe Hadi Wiki ya Nne

Katika maboma mengi ya Arua na Koboko, nchini Uganda, mbwa hujizalia mwenyewe chini ya ghala au nyuma ya jiko, na watoto wa nyumba ndio wanaoleta habari asubuhi. Siku hiyo kila mtu humchungulia. Wiki ikipita amesahauliwa, na hapo ndipo kipindi chake kigumu kinapoanza, kwa maana maziwa hufikia kilele kati ya wiki ya tatu na ya nne.

Siku za kwanza, hakikisha kila kitoto kimenyonya maziwa ya mwanzo ndani ya saa 24, kwani ndiyo yenye kinga. Majimaji ya kijani yanayomtoka mama, ambayo baadaye huwa mekundu yaliyofifia, si ugonjwa. Huendelea kwa wiki kadhaa huku yakipungua. Yakitoa uvundo au usaha, naye akasusa chakula, muite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Fanya vivyo hivyo titi likiwa gumu na la moto.

Sasa chakula. Ifikapo wiki ya tatu, mbwa mwenye watoto wengi huhitaji chakula mara tatu ya kile alichozoea. Mara nyingi anachopata ni ugali wa muhogo uliobaki, mara moja jioni. Unamshibisha, lakini protini yake ni ndogo mno na kalsiamu haitoshi. Maziwa yataendelea kutoka hata hivyo, kwa kuchota akiba ya mwili wake mwenyewe.

Kalsiamu ikishuka ghafla katika damu, mbwa huhema bila kukimbia, hatulii, hutetemeka, miguu hukakamaa, kisha huingia degedege. Hii ndiyo homa ya maziwa, na mbwa wadogo wenye watoto wengi ndio huathirika zaidi. Inaniuma kwamba mbwa wa namna hii aweza kupigwa mawe hadi kufa kwa kudhaniwa ana kichaa cha mbwa. Ni kweli kwamba kwa macho tu huwezi kuwa na hakika, kwa hiyo usiuguse mdomo wake. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji kwa dakika 15, kisha mtu huyo apelekwe hospitali. Lakini mwite daktari kabla ya kuokota jiwe. Watenge watoto wasinyonye. Daktari atamdunga kalsiamu polepole katika mshipa, na mbwa aliyekuwa amekakamaa kama gogo huanza kulegea sindano ikiwa bado mkononi. Usimpe vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba ukidhani unamkinga: huuzoesha mwili uvivu wa kujitafutia kalsiamu, na hatari huongezeka.

Kinga ya bei nafuu iko sokoni: dagaa wakavu wasio na chumvi, wale ambao Waganda huwaita mukene, huliwa pamoja na mifupa yao. Ponda konzi moja, changanya na ugali, umpe mara tatu kwa siku. Maji yawe karibu naye usiku na mchana, hasa kiangazi cha Desemba hadi Machi, kwa kuwa maziwa hutokana na maji.

Viroboto hunyonya damu ya vitoto hadi vikafa. Hata hivyo, usivichovye vitoto katika dawa ya kupe ya ng'ombe, ni sumu kwavyo. Toa matandiko, yachome, weka makavu. Dawa ya minyoo wapewe mama na watoto kuanzia wiki ya pili, maana minyoo hupita katika maziwa na huweza kuwapata hata watoto wetu wanaocheza nao.

Koboko inapakana na Kongo na Sudan Kusini, na vitoto vya mbwa huvuka mpaka pamoja na watu. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usimgawie mtu kitoto kabla hakijatimiza wiki nane, mwambie akichanje dhidi ya kichaa cha mbwa kikifika miezi mitatu, na mchanje mama yake pia.