MZEE ANAYETETEMEKA HAKUROGWA
Na Mganga Msaidizi wa Vijijini, Mpanda

Ndugu msomaji, je, kijijini kwako yupo mzee ambaye mkono wake hutetemeka hata akiwa amekaa tu? Je, hutembea kwa hatua fupi? Je, sauti yake imekuwa ndogo na uso wake hauchangamki tena? Usiseme amerogwa. Wala usiseme amelewa. Huenda anaumwa ugonjwa wa Parkinson. Jina hilo husomwa "Pakinsoni". Ni jina la daktari wa Uingereza aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817.

UGONJWA HUU NI NINI?
Ndani ya ubongo hutengenezwa kitu kiitwacho dopamini. Kitu hiki huusaidia ubongo kuuongoza mwili. Dopamini ikipungua, mwili huwa mzito na mgumu. Ugonjwa huu hauambukizi. Unaweza kula sahani moja na mgonjwa. Mara nyingi huanza upande mmoja wa mwili, na huwapata zaidi wazee. Lakini si kila anayetetemeka ana Parkinson. Hata dawa nyingine huleta kutetemeka. Kwa hiyo mgonjwa apimwe na daktari.

Hata sisi waganga hukosea. Mzee mmoja alikuja kwangu mara tatu, bega limekaza. Nilimpa dawa ya maumivu, nikamwambia, "Babu, ni uzee tu." Mara ya nne nilimwona akishindwa kufunga kifungo cha shati. Ndipo nikamwandikia barua ya kwenda hospitali ya mkoa. Wakati huo mke wake alikuwa amekwisha kuuza mbuzi wawili ili kumlipa mpiga ramli.

Mwaka 2005 na 2006 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Walipata wagonjwa 33. Walio wengi hawakuwa wamewahi kuambiwa jina la ugonjwa wao. Je, sisi wa Katavi tumewaficha wangapi ndani ya nyumba?

DAWA
Ugonjwa huu hauponi, lakini hutulizwa. Dawa yake kubwa ni levodopa. Mgonjwa aimeze kwa saa zilezile alizoagizwa. Asiiache ghafla, maana ni hatari. Mbegu za upupu nazo zina levodopa, lakini huwezi kujua kiasi kilichomo. Usijipimie. Nauli ya kwenda hospitali ikikosekana, jamaa na majirani wachange.

MSAADA WA NYUMBANI
1. Miguu ikigoma mlangoni, usimvute. Asimame kwanza, apumue. Kisha piga makofi, moja, mbili, naye anyanyue mguu. Chora mistari ya chokaa sakafuni, auvuke mmoja mmoja.
2. Kila siku atembee, anyooshe mikono, asimame na kukaa. Aimbe, au asome gazeti hili kwa sauti kubwa, ili sauti yake isipotee.
3. Simika mti imara chooni wa kushikilia. Ondoa kuni na mikeka njiani. Asikae peke yake karibu na moto.
4. Akila, akae wima. Tonge liwe dogo. Asiharakishwe. Kikombe kisijae. Apate maji, mboga na matunda, maana ugonjwa huu hufanya choo kiwe kigumu.
5. Mkewe au binti anayemtunza naye huchoka. Majirani wampokee, naye apumzike.

Yule mzee wangu bado anatetemeka. Lakini vijana walimsimikia mti chooni, na jioni majirani humpitia wakatembee pamoja. Siku hizi hukaa na wenzake kupukuchua mahindi. Anapukuchua polepole, lakini anapukuchua.

Ugonjwa huu si aibu. Bondia Muhammad Ali, aliyempiga George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974, aliambiwa ana Parkinson mwaka 1984. Mwaka 1996 aliwasha moto wa Olimpiki mjini Atlanta, Marekani, huku mkono wake ukitetemeka mbele ya dunia nzima. Hakujificha.

Ndugu msomaji, mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, kisha wakachimba vyoo. Vijana wa wakati ule ndio wazee wa leo. Wao walituchimbia vyoo. Sisi tuwasimikie mti wa kushikilia.